Wakala amenikaririsha maisha yasiyo yangu, na safari imebaki wiki tatu

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 34, naishi Mbagala na mume wangu na watoto wawili. Wa kike ana miaka 9, wa kiume 5. Ni fundi cherehani. Nina fremu ndogo karibu na Rangi Tatu, cherehani mbili, na msichana mmoja ninayemfundisha. Nashona sare za shule na magauni ya vitenge, na msimu wa harusi ukifika nashona sare za kamati mpaka usiku wa manane.

Dada yangu yuko Birmingham, Uingereza, huu ni mwaka wa sita. Ameolewa huko, ana kibali chake cha kuishi, na mwezi ujao anajifungua mtoto wa kwanza. Mama yetu alifariki 2019, kwa hiyo wa kwenda kumkanda na kumpikia uji siku zake arobaini ni mimi, hakuna mwingine. Alilia kwenye simu akasema huko mzazi anarudi nyumbani na kesho yake yuko jikoni peke yake. Nikamwambia nitakuja.

Pasipoti niliifuatilia mwenyewe Kurasini. Nililipa 150,000, na kwenye kazi nikajaza: mshonaji. Woga uliniingia kwenye viza. Jirani akanipeleka mjini kwa mtu anayeshughulikia viza, ana ofisi ghorofani. Aliniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia akacheka, akasema hajawahi kuona mtu amepewa viza kwa cherehani, nimwachie yeye. Nikamlipa milioni 2 na laki 4, nusu yake mkopo wa kikoba. Akaniwekea milioni 8 kwenye akaunti yangu zikae, baadaye nikazirudisha. Nikaenda kuchukuliwa alama za vidole na picha, nikarudi nyumbani kusubiri.

Viza ikatoka. Nilisujudu pale pale sebuleni. Nilipokwenda kuchukua makaratasi yangu, alinipa kurasa tatu akasema, kariri. Humo ndani mimi ni afisa utawala wa kampuni ambayo sijawahi kuisikia. Nina mshahara, nina bosi mwenye jina, nina barua ya likizo iliyosainiwa. Sababu ya safari ni utalii. Dada yangu ametajwa mstari mmoja tu, kwamba nitafikia kwake. Ujauzito wake haumo kabisa.

Akanikalisha mbele ya meza yake, akawa yeye ndiye afisa wa uwanja wa ndege. "Kazi yako?" Afisa utawala. "Umekuja kufanya nini?" Kutalii. Akanionya kwamba neno mtoto, neno uzazi, neno kumsaidia dada, lisinitoke mdomoni, maana Waingereza wakisikia unakwenda kulea mtoto wanahesabu ni kazi, na wanakurudisha na ndege.

Sasa nafanya mazoezi mbele ya kioo. Juzi binti yangu alisimama mlangoni akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mama, kwani siku hizi unafanya kazi ofisini?" Sikumjibu. Nilimtuma dukani.

Mume wangu anasema nakuza mambo, kila anayeondoka pale Terminal 3 ana lake aliloambiwa aseme. Anasema pia nikifika nikaona kuna njia, nisiharakishe kurudi, deni la kikoba halijilipi. Dada naye ameniambia nibebe rasta na mafuta ya nywele, kwa sababu akina mama wa kwetu walioko huko wanatafuta msusi na wanalipa vizuri. Tiketi yangu ni ya kwenda na kurudi, miezi miwili.

Shangazi, mimi si mwongo. Nikiunguza nguo ya mteja kwa pasi namwambia na kitambaa nanunua. Lakini hela imekwenda na dada ananisubiri. Nikisema kweli dirishani, karatasi zangu zitanisuta. Nikisema uongo, naogopa uso wangu utanitangulia kusema. Nifanye nini? Na uongo mdogo wa kwenda kufanya jema, mbele ya Mungu unahesabiwaje?

Mama Wawili, Mbagala

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale mlangoni alipokuwa amesimama binti yako. Pole. Najua ile hali ya kumtuma mtoto dukani kwa sababu huna jibu. Pole pia kwa mama yenu, maana naona jinsi unavyojaribu kukivaa kiatu chake. Angekuwa hai, safari hii huenda ingekuwa yake, na wewe ungekuwa unamfungia pilipili manga kwenye begi.

Unaniuliza useme nini ukifika kwenye dirisha la uhamiaji Heathrow au popote utakapotua. Nimejaribu kulijibu hivyo hivyo nikashindwa, kwa sababu naona maneno mengi yalishasemwa kabla yako. Siku ombi lako lilipotumwa, mtu alisema kwa jina lako kwamba wewe ni afisa utawala na unakwenda kutalii. Afisa atakapokuuliza, atakuwa na uwezo wa kuliona ombi hilo. Atakuwa anakupa nafasi ya kulithibitisha au kulikana.

Hapa nataka nikuulize jambo kwa upole, na usinielewe vibaya. Barua yako inasomeka kama mtu aliyegundua kila kitu siku moja, siku ya kurasa tatu. Ya kampuni na ya mshahara ninakuamini kabisa. Lakini zile milioni 8 uliziona zikiingia, na ulijua si zako. Sisemi hili kukuhukumu. Watu wazima na heshima zao wamefanya hivyo, wakiambiwa ndio utaratibu. Nalisema kwa sababu ukikaa na mtu wa kukushauri, itabidi umwambie yote, na ni vizuri uanze kuyasema yote kwako mwenyewe.

Kanuni za uhamiaji za Uingereza kwenye jambo hili ni kali. Fomu ni ya mwombaji, hata kama aliyeijaza ni mwingine. Ombi linaweza kukataliwa kwa taarifa za uongo hata kama mwombaji hakuzijua, na viza iliyokwisha kutoka inaweza kufutwa pale pale mpakani. Ikionekana mtu alidanganya kwa kujua, anaweza kufungiwa maombi yake kwa miaka 10. Kwa hiyo kujua na kutojua kuna uzito. Mpaka siku ile ghorofani ungeweza kusema kuhusu ile kampuni, "sikujua." Leo unajua, na kila mara unaposimama mbele ya kioo unajua zaidi.

Kinachoniuma mimi ni kwamba huenda ule ukweli wako ulikuwa unatosha.

Mtu wako wa viza alikuambia cherehani haimpi mtu viza. Ombi la mgeni halipimwi kwa ukubwa wa cheo. Afisa anatafuta kujua kama wewe ni mgeni kweli, kama una cha kukurudisha nyumbani, na nani atalipia kukaa kwako. Mwanamke mwenye fremu, mashine mbili, msichana anayemfundisha, mume na watoto wawili wanaosoma ana vya kumrudisha vingi. Gharama, kanuni zinaruhusu zibebwe na mwenyeji wako akiwa na uwezo na yuko kihalali. Dada yako angeweza kuandika barua na kuonyesha kipato cha nyumba yake, na zile milioni 8 za watu zisingehitajika. Nisikudanganye, maombi ya wakweli nayo hukataliwa, na watu wengi Dar wana barua za kukataliwa zilizowauma. Lakini aliyekataliwa kwa ukweli wake hana cha kuficha anapoomba tena.

Na lile la mtoto. Mgeni haruhusiwi kufanya kazi, hapo mtu wako yuko sahihi. Ila mwongozo wanaoutumia maafisa wenyewe wa Uingereza unakubali ndugu kwenda kumwangalia mtoto wa ndugu yake, mradi ni ziara ya muda mfupi na isiwe ajira ya uyaya. Mwanamke anayekwenda kumkanda mdogo wake au dada yake, akakaa miezi miwili akarudi, ni ziara ya familia. Yaani neno ulilokatazwa kulitamka ndilo lingekupa sababu safi ya safari. Walikupa uongo mahali ambapo hukuuhitaji, na wakakutoza milioni 2 na laki 4.

Ukiuliza habari ya Mungu, hilo mpelekee mtu wa dini unayemwamini, mimi si wa kulitolea hukumu. Ninachokiona ni kwamba unaupima uongo huu kana kwamba ndio uliokufungulia mlango wa kwenda kufanya jema. Sina hakika kwamba mlango ule ulikuwa umefungwa.

Sasa tukae kidogo kwenye rasta na mafuta ya nywele, maana uliyataja mwishoni na kwa haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa. Mwanangu, unakwenda kufanya nini? Sikuulizi kwa sauti ya afisa. Nakuuliza mimi. Kumkanda dada yako, hilo halina shaka. Lakini mumeo anasema usiharakishe kurudi, dada yako ana orodha ya wateja, na kikoba kinakudai. Kusuka kwa malipo ukiwa na viza ya mgeni ni kazi, hata kama ni sebuleni kwa dada na hela inatolewa kwa mkono. Kubaki baada ya muda kwisha ni kuvunja masharti yenyewe. Sisi wa Dar tuna neno letu la hilo, tangu enzi za vijana waliojificha kwenye meli pale bandarini: kuzamia. Mzamiaji anajua siku ya kuondoka, ya kurudi haijui. Wako waliokwenda kubeba maboksi mwaka mmoja na wakawazika wazazi wao kwa njia ya simu. Wa kwako ana miaka 5. Akifika 10 hujarudi, atakuwa anakujua kwa sauti tu.

Huenda hujaamua lolote. Huenda unasema, nikifika nitaona. Ninaelewa, maisha ya Mbagala yanamfundisha mtu asifunge mlango wowote. Lakini kama wewe mwenyewe hujajua unakwenda kwa siku arobaini au kwa miaka, hakuna jibu la dirishani litakalokukaa mdomoni. Nadhani uso unaouogopa utakusaliti kwa hili zaidi ya utakavyokusaliti kwa ile kampuni. Ndiyo maana ningependa wewe, mumeo na dada yako mlimalize hili kwanza, kwa maneno yaliyonyooka, kabla ya kugusa suala la viza.

Baada ya hapo njia zilizopo ninaziona hivi, na hakuna hata moja iliyo rahisi.

Unaweza kwenda kama ulivyokaririshwa. Wengi hupita, siwezi kukuambia hawapiti. Lakini fahamu wanavyouliza. Swali la kwanza huwa jepesi, la pili linatoka kwenye jibu lako la kwanza. Ofisi yenu iko ghorofa ya ngapi? Mnatumia mfumo gani wa mishahara? Unakaa wiki ngapi? Barua inasema likizo, tiketi inasema miezi miwili. Wanaweza kumpigia dada yako anayekusubiri nje wakamuuliza peke yake, na yeye hajakariri kurasa tatu. Wanaweza kufungua begi, wakakuta rasta za kusukia watu kumi. Na ukipita, hayaishi. Ombi lile linabaki kwenye kumbukumbu zao. Ukitaka kwenda tena mtoto akianza shule, itabidi uendelee kuwa afisa utawala, au ueleze ilikuwaje. Uingereza, Marekani, Kanada, Australia na New Zealand wana makubaliano ya kubadilishana taarifa za uhamiaji, kwa hiyo alama moja mbaya inaweza kukufuata mbali.

Unaweza pia kupanda ndege na viza hii hii kisha useme kweli dirishani. Moyo wangu unaipenda njia hii, lakini akili inanishika mkono. Ni kweli kwamba mtu aliyesema mwenyewe huonekana tofauti na aliyekamatwa. Hata hivyo ukisema "mimi ni mshonaji, nimekuja kwa dada aliyejifungua," ombi linasema kingine, na afisa ana haki ya kufuta viza hata akikuonea huruma. Unaweza kukaa kwenye chumba cha mahojiano saa nyingi, usiku, mbali na kwenu, kisha ukarudishwa Dar huku dada yako yuko nje na mtoto mchanga kifuani. Ukiichagua njia hii, ichague ukiijua bei yake.

Njia nyingine ni kuliweka sawa kabla ya kuondoka: kutoitumia viza hii, kueleza kilichotokea, na kuomba upya kwa maisha yako halisi. Hapo utahitaji picha za fremu, namba ya mlipa kodi au kitambulisho cha mjasiriamali kama unacho, daftari la kikoba, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya dada na karatasi ya kliniki yenye tarehe ya kujifungua. Hatari yake ni kwamba kueleza nako kunaweza kukugharimu, kwa sababu unakiri kwamba ombi la kwanza halikuwa la kweli. Majibu ya viza ya mgeni kwa kawaida huchukua kama wiki 3 tangu siku ya alama za vidole, kwa hiyo mtoto anaweza kuzaliwa wewe ukiwa bado Mbagala. Na ada unailipa upya.

Kwa sababu ya hatari hizo, usitume barua yoyote ubalozini kwa haraka ya usiku mmoja. Muombe dada yako atafute mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa huko huko. Uingereza ni kosa la jinai kutoa ushauri wa uhamiaji bila usajili au uwakili, na chombo kinachowasimamia washauri kinaitwa Immigration Advice Authority. Anaweza kulitafuta jina la mshauri kwenye orodha yao kabla ya kumlipa hata senti. Saa moja ya mtu wa namna hiyo, akisoma ombi lako lote, ina thamani kuliko maneno yangu haya. Dai ombi hilo kutoka kwa yule wa ghorofani, nakala kamili. Ni lako, umelipia.

Iko pia njia ya kutokwenda sasa. Sitaki kuipitia haraka kwa sababu najua umeshajibeba moyoni mpaka Birmingham. Lakini siku arobaini zinaweza kusaidiwa kwa namna nyingine: kati ya wale akina mama wanaotafuta msusi, wapo waliozaa huko na wanajua kukanda. Wewe unaweza kwenda mtoto akiwa na miezi sita, anacheka, karatasi zako zikiwa za kwako.

Siku utakayosimama dirishani, iwe kwa viza hii au nyingine, ukweli hauhitaji hotuba. Watu wetu wengi wakiona sare wanajieleza mpaka habari za babu. Jibu ulichoulizwa, kifupi. Kiingereza kikikukwama, omba mkalimani wa Kiswahili, unaruhusiwa, na ni salama kuliko kusema "yes" kwa swali usilolielewa. Ila ufupi usiwe wa kuficha jambo ambalo unajua lingebadilisha uamuzi wake, maana kuficha kwa namna hiyo nako wanakuhesabia udanganyifu. Na maafisa wetu pale Terminal 3 wana haki ya kukuuliza vilevile kabla hujaondoka. Jibu liwe lile lile kwa wote wawili.

Sitakuamulia. Deni ni lako, dada ni wako, na wewe ndiye utakayekaa kwenye kile kiti. Nakuomba tu usilibebe hili na mtu wa viza peke yake, yeye amekwisha kulipwa.

Leo usiku mpigie dada yako. Msome naye zile kurasa tatu mstari kwa mstari, maana nina wasiwasi hajui kilichoandikwa na jina lake limo. Kisha muulize habari ya zile rasta. Na kabla binti yako hajalala, mwite. Aliuliza swali zuri, na bado anasubiri.